Imekufa?

Taabu yangu ilianza mwaka wa 1978, nikiwa na miaka ishirini, na ilianzia juu ya duka la vitambaa mjini Machakos, mwisho wa ngazi ya mbao iliyokuwa ikilia kila ukiikanyaga. Ya kabla ya hapo siyaandiki. Nilitoka Mwala na darasa la nne, hiyo inatosha. Anayetaka kujua baba yangu alikuwa nani aende akaulize huko, kama amebaki wa kuulizwa. Mimi naandika mwaka mmoja tu, na hata huo ningeunyamazia, kama si binti mmoja aliyekuja ofisini kwangu mwaka huu, akaketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya vumbi la kokoto na nguo zake safi, akaniambia, "Mwaitu, baba ametuacha."

Mwaitu ni mama, kwa Kikamba chetu, na huyo binti hana haki ya kuniita hivyo zaidi ya adabu aliyofundishwa. Anaitwa Ndinda. Ni binti ya Daktari, na yeye pia siku hizi anang'oa meno ya watu. Baba yake nitamwita Daktari tu, maana mji mzima ulimwita hivyo hivyo. Ndinda alikuwa anatafuta mtu wa kusema maneno mazishini. "Kwa wale walifanya kazi na yeye kule mwanzo, umebaki wewe peke yako," akasema. "Hata ukisema kidogo. Sema vile alikuwa na mkono mwepesi." Nikamwangalia. Ana kidevu cha baba yake. Nikamwambia nitakuja. Akafurahi, na kwa sababu macho ya watu wa kazi hiyo hayatulii, akaliona pengo langu la chini, upande wa kulia, akasema jino la kupandikiza si kitu siku hizi, niende tu atanitengenezea bure. Nikamwambia, "Hilo pengo liache. Liko na mwenyewe."

Kliniki ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na benchi refu lililong'aa kwa kukaliwa, na kalenda yenye picha ya mzungu anayecheka, meno yote nje, mwaka mzima hajafunga mdomo. Cha ndani kilikuwa na kiti cha chuma ambacho Daktari alikipandisha kwa kukanyaga, beseni, taa yenye shingo ndefu, na kabati la kioo. Kila kitu kilinuka mafuta ya karafuu. Hata leo mtu akipika pilau karibu yangu, ulimi wangu unakimbilia lile pengo. Kazi yangu ilikuwa kupiga deki, kuosha beseni, kuchemsha mabomba ya sindano kwa jiko la mafuta ya taa, na kumwekea Daktari dawa ndani ya bomba akishasema ni dawa gani. Mwanzo nilikuwa mwoshaji tu, lakini nilikuwa na mikono isiyotetemeka, naye akaona. Akaniambia mwaka ukiisha atanipeleka Nairobi kwa wenzake nisomee usaidizi wa daktari wa meno, nirudi na cheti na kofia nyeupe. Mimi wa darasa la nne. Nilikitaka hicho cheti kuliko nilivyotaka mume. Nikipiga deki nilikuwa najiona nimevaa ile kofia, napita sokoni, wale wasichana wa Mwala waliosoma kunipita wananisalimia wao kwanza.

Dawa za ganzi zilikuwa mbili. Zote zilikuja kwa vichupa vidogo vya kioo, vyembamba kama risasi, vyenye mpira mwisho. Zote ziliitwa lignokaini, lakini kimoja kilikuwa na alama ya kijani na kingine alama nyekundu. Kijani ilikuwa dawa tupu. Nyekundu ilikuwa imechanganywa na adrenalini, nayo adrenalini inaiminya ile mishipa midogo ya damu, dawa inabaki pale pale ilipowekwa. Haya niliyajua kwa macho kabla sijaambiwa. Mtu wa nyekundu alishuka ngazi mdomo umelala, akinywa chai inamwagika kifuani hadi jioni, na damu yake ilikuwa kidogo, napangusa mara moja. Mtu wa kijani alitoka damu beseni likabadilika rangi, na ganzi yake ilikuja haraka ikaondoka haraka, kama mgeni asiyevua kofia. Na ukichanganya na vile Daktari alivyofanya kazi, ndipo utaelewa. Siku ya soko aliwaita watu mmoja mmoja, akawadunga, akawarudisha benchini wangoje. Akishadunga benchi zima, anaanza tena kwa yule wa kwanza, sasa na koleo. Mwenye nyekundu hata akiwa wa mwisho hakuwa na shida. Mwenye kijani akiwa wa mwisho, koleo lilimkuta dawa imeshaenda zake.

Nyekundu ilitoka Nairobi na haikutosha. Aliipata nani? Aliyepiga kelele. Karani wa baraza, mwalimu mkuu, mke wa mwenye gari, wale walioanza kulia sindano ikiwa bado kwenye trei, Daktari aliniambia "Nyekundu" bila kugeuka. Watu wetu kutoka Mwala, kutoka Ndithini, wale waliokuja na vumbi miguuni na mbuzi wa kuuza, waliambiwa "Kijani." Maana hawakulia. Pale benchini hakuna aliyethubutu. Nawasikia mpaka sasa. "Huyu akilia leo, sisi tutamwambia bibi yake." "Mimi mguu wangu ulishonwa kavu, daktari wa ng'ombe ndiye alishona." "Ng'ombe wako pia alilia?" Na kicheko, mikono imeshika mashavu. Wakiitwa ndani, wanakaa kwenye kile kiti kama wamekwenda kupigwa picha.

Kabla ya kung'oa, Daktari aliuliza neno moja: "Imekufa?" Nao walijibu, wote, wazee kwa vijana, "Imekufa, daktari." Akang'oa. Nilikuwa naona vidole vya miguu vikikunjika ndani ya akala, vile viatu vya matairi, naona jasho, lakini kwa vile mtu amesema mwenyewe imekufa, nikadhani labda ndivyo ganzi ilivyo.

Aliyenifungua macho alikuwa Bi Mwanaidi, mke wa mwenye duka la chini. Wazee wake walitoka pwani zamani wakakaa Machakos, lakini Kiswahili walikishika kama walivyokuja nacho. Asubuhi aliuza mahamri pale chini ya ngazi. Alipanda siku moja na jino bovu, Daktari akamdunga kijani, akamuuliza lile swali lake.

"Imekufa?"

"Nini?" Bi Mwanaidi akasema.

"Nauliza imekufa?"

"Nini hiyo imekufa, daktari? Jino limekufa, ndiyo maana nimekuja kwako. Mdomo haujafa, mdomo unakusikia vizuri sana. Ganzi haijashika. Sasa wewe unauliza maiti gani?"

Benchi lote likacheka mpaka ukuta ukasikia. Daktari akacheka pia, akaniambia "Nyekundu," akamdunga tena. Baadaye nilishuka kununua mahamri, Bi Mwanaidi akanishika mkono, mdomo wake umekwenda upande mmoja. "Mwanangu," akasema, "hivi watu wenu wanajibu swali gani pale juu?"

Kiswahili chetu cha huku hakina mambo ya li na u. Jino ni imekufa, mdomo ni imekufa, redio ni imekufa, kuku ni imekufa. Hakuna shida, tunaelewana. Lakini siku hiyo nilingoja mzee mmoja wa Mwala ashuke, amefunga taya na kitambaa, nikamuuliza kwa Kikamba, "Baba, daktari alikuuliza kama imekufa. Wewe ulisema ni nini imekufa?" Akanishangaa. "Si jino! Imekufa tangu mavuno ya juzi."

Niliuliza wengine, mmoja baada ya mwingine. Jino. Jino. Jino. Daktari alikuwa anauliza juu ya ganzi, wao wanajibu juu ya jino, halafu koleo linaingia.

Nilidhani nimemgundulia Daktari kosa, na kwamba atanishukuru. Ujinga wa miaka ishirini. Nilimkuta anakula chapati na nyama kwenye meza ya vyombo, gazeti limeegemea kopo la pamba. Nikamweleza yote, haraka haraka, na nikamwambia tuulize tu kama mtu anasikia uchungu. Akamaliza kutafuna. Akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Kamene, ukimuuliza mzee wa Kikamba mbele ya wenzake kama anasikia uchungu, umemtukana. Mimi nawauliza kitu wanaweza kujibu. Wanapanda ngazi wanaume, wanashuka wanaume. Wewe unataka washuke wakilia?" Akafungua ukurasa wa michezo. "Fikiria Nairobi. Hiyo ingine niachie."

Nimezungumza na watu wengi wabaya maishani, wa mchanga, wa mashamba, wa mahakama. Wengi ukiwakamata wanakana. Yule hakukana. Alinieleza kwa upole, kama anayenifundisha kazi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa mtu wetu. Alikuwa akitujua. Hiyo fahari yetu alikuwa akiitumia kama dawa ya tatu, na hiyo haikuhitaji kuagizwa Nairobi.

Wakati huo nilikuwa nakaa nyuma ya soko kwa mama mmoja mzee niliyemwita Susu, yaani nyanya, ingawa hatukuwa ndugu. Susu Kavata. Alinipa kona ya chumba chake, na nikampa mikono yangu, kuchota maji na kutwanga. Jioni alipika muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, na mbaazi, kwenye chungu chake cha udongo, na tulikula hapo hapo mlangoni tukiangalia watu wakifunga meza zao. Meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa, makali kama ya samaki, vile wasichana wa zamani wa Kikamba walichongwa ili wawe warembo. Akicheka, watoto walisogea nyuma. Alikuwa akijua, na alicheka zaidi. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha kamba, kiondo kimoja ukutani, na kioo kidogo kilichopasuka ambacho alikitumia kwa kazi moja tu, kuangalia hayo meno. Yaliyobaki ya uzuri wake yalikuwa hayo.

Mwezi wa tisa gego lake likaoza. Shavu likavimba, akaacha kula nami mlangoni, akawa anakunywa uji amegeukia ukuta. Nikamwambia nitampeleka asubuhi mapema kabla watu hawajajaa. Akakataa. Akaenda siku ya soko, wakati benchi limejaa, ili aonekane akienda.

Daktari alipomwona alifurahi kama aliyeletewa zawadi. Aliacha mlango wa kati wazi. "Wazee, njooni muone," akasema. "Mnaona haya meno? Haya yalichongwa na patasi na nyundo, hakuna sindano. Mama kama huyu hata nikimdunga maji atanyamaza. Huyu ndiye Mkamba." Watu wakanyanyuka kuchungulia, na Susu akafungua mdomo wote, na shavu lake lilivyovimba, akawaonyesha. Akacheka. "Kijani," Daktari akaniambia.

Niliweka nyekundu. Jambo hili naliandika wazi na sijutii, hata leo ningefanya hivyo tena. Nilifikiria kofia yangu nyeupe, nikafikiria lile koleo, na vidole vyangu vikachukua kichupa chekundu, nikakigeuza ndani ya bomba alama iangalie chini. Daktari alikuwa anaongea na benchi. Alidunga bila kuangalia.

Susu alirudi benchini akangoja. Muda mfupi akashika kifua, akasema moyo wake unakimbia kidogo, halafu ukatulia. Halafu akaanza kugusa mdomo wake kwa kidole. "Ai, mdomo wangu umeenda wapi? Nani ameuchukua?" Watu wakacheka. Alipoitwa, akaulizwa "Imekufa?", akajibu imekufa, na Daktari akang'oa gego lenye mizizi kama miguu ya kuku. Susu hata jicho hakupepesa. Hakusikia kitu. Lakini ufizi ulikuwa mweupe na damu ilikuwa kidogo, na mtu wa kazi anajua maana yake. Nilimwona Daktari akisita. Nikamwona akiangalia trei, pale kichupa kitupu kilipolala.

Akaendelea kung'oa mpaka benchi likaisha. Susu alishuka ameshika gego lake juu kama mtu aliyeshinda kikombe. Ngazi ikalia, sauti yake ikasikika huko chini, "Sikusikia kitu! Hata kuumwa na siafu ni zaidi!" Daktari akafunga mlango.

"Ungemuua," akasema. "Ile dawa inakimbiza moyo. Mama mzee kama yule. Ulimpima?"

"Na wewe ulimpima nani?"

Akavua koti lake, akalitundika polepole. "Kamene, toka. Nikisikia umefungua mdomo, nitasema unaiba dawa. Na hiyo ya Nairobi, usahau."

Nilishuka na nguo nilizovaa. Lakini sikulia, na nitakuambia kwa nini: nilidhani bado niko na Susu. Nilimkuta amezungukwa na majirani, anasimulia kwa mara sijui ya ngapi, mate yanamtiririka upande ule uliolala. Nikangoja waondoke. Alinipakulia muthokoi, mwenyewe bado hawezi kutafuna. Nikamwambia. Nikasema nimefukuzwa, na nikasema ni kwa sababu gani, kwamba kulikuwa na dawa mbili na mimi nilimpa ile nzuri.

Akapangusa mate, akasema, "Unasema ni dawa."

"Ni dawa, Susu."

"Kwa hivyo mimi sikuvumilia."

"Hakukuwa na kitu cha kuvumilia."

"Nilikuwa msichana mdogo kukushinda," akasema, na sauti yake ilikuwa chini, si ya ugomvi. "Nililazwa chini, kichwa changu katikati ya magoti ya mwanamume, akapiga patasi. Mama yangu alisimama kuangalia kama jicho langu litapepesa. Halikupepesa. Wasichana wengine walishikwa mikono, mimi sikushikwa. Hicho ndicho niko nacho. Sasa wewe umeniwekea dawa ya wanawake wa ofisini, na hukuniuliza."

"Ningekuuliza mbele ya watu?"

"Hukuniuliza," akasema tena. "Maliza chakula, halafu toa vitu vyako."

Nilikula. Kuna watu wangeacha ile sahani, mimi nilikula yote, maana sikujua nitakula wapi tena. Nilikula nikiwa nimekaa nje ya mlango, naye ndani, na kati yetu kile kizingiti ambacho tulikuwa tukikikalia pamoja. Na kutoka siku hiyo, Susu Kavata ndiye aliyemjazia Daktari benchi. Alizunguka soko lote akionyesha pengo lake na meno yake ya mbele, akisema Daktari ana mkono mwepesi, ukiwa Mkamba wa kweli huwezi kusikia kitu. Watu walimwamini, kwa nini wasimwamini? Alikuwa anasema kweli. Hakusikia kitu. Walipanda ile ngazi kwa sababu ya nyekundu yangu, wakadungwa kijani. Nimekaa na jambo hilo miaka hii yote na sijapata mahali pa kuliweka.

Nilikwenda kuponda kokoto. Unakaa chini, jiwe mbele yako, nyundo mkononi, unaponda mpaka jua lizame, na vumbi linaingia kwa meno. Wanawake wa pale walikuwa wakiimba. Mimi sikuimba. Mwaka ukikaribia kuisha, jino langu la chini, upande wa kulia, likaanza. Nikalivumilia mpaka likanishinda, nyundo ikipiga jiwe naisikia ndani ya kichwa. Mganga wa meno mwingine hakukuwa. Nikapanda ile ngazi.

Benchi lilikuwa limejaa. Daktari aliponiona hakushtuka. Alinikalisha, mlango wa kati wazi kama kawaida yake, akachukua vichupa viwili, akaviweka kwenye trei mbele ya macho yangu, kimoja kando ya kingine. "Huyu ni mtaalamu," akawaambia wale wa benchini. "Huyu anajua dawa kunishinda. Kamene, chagua."

Nilijua kila kitu kuhusu vile vichupa viwili. Nilijua kimoja kitanilaza mdomo mpaka jioni na kingine kitanidanganya. Hakuna aliyewahi kukaa kwenye kile kiti akijua nilichojua. Na benchi lote lilikuwa likiniangalia, na nikaona kwamba nikigusa nyekundu, nimemwomba. Nikachukua kijani, nikamwekea mkononi.

Akadunga. Akanirudisha benchini, mwisho kabisa, nyuma ya watu wote. Nilihisi ganzi ikija, nikaihisi ikienda. Aliponiita, akainama karibu, koleo tayari, akauliza kwa sauti ya benchi lote, "Imekufa?"

Nikasema, "Mdomo haujafa. Jino limekufa. Toa."

Akatoa. Sitaelezea. Atakayetaka kujua avunje kidole chake kwa mlango, na baada ya kuvunja aurudie huo mlango. Sikupiga kelele. Nilishuka ngazi bila kushika ukuta, na pale chini Bi Mwanaidi akanipa maji ya chumvi nikasukutua, nikatema damu kwenye mtaro. "Mwanangu," akasema, "si uliijua ile ingine?" Nikatikisa kichwa kwamba niliijua. Akarudi kwenye mahamri yake. Hakunipongeza. Wakati huo nilichukia kwamba hakunipongeza.

Mwaka huu, kabla ya mazishi, nilimpigia Ndinda simu nikamuuliza nilichokuwa nimekibeba. Je, ningemuua yule mama? Akaeleza vizuri, sauti ya mtu anayejua kazi yake. Dawa tupu si mbaya, akasema, iko na wagonjwa wake, mioyo mingine haitaki adrenalini nyingi. Kwa mzee unapima presha kwanza, unauliza dawa anazotumia, halafu hata hiyo yenye adrenalini unaweza kumpa kidogo kidogo. Siku hizi kuna nyingine inaitwa artikaini, inapenya mfupa vizuri zaidi, yeye ndiyo anapenda. "Na hata uwe na dawa gani," akasema, "mimi siamini mdomo wa mgonjwa. Naguza ufizi na kitu chenye ncha, naangalia jicho lake." Halafu akauliza, "Mwaitu, baba alikuwa anapima presha?"

"Mashine ilikuwa kwa kabati," nikamwambia. "Ya kupendeza. Nilikuwa naipangusa vumbi."

Hakuuliza tena. Lakini pia hakuniambia nisije.

Nilikwenda. Hema zilikuwa kubwa, watu wengi, wazee wengi wenye mapengo. Walisema alikuwa na mkono mwepesi, mmoja baada ya mwingine, mpaka kipaza sauti kikanifikia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikaangalia nyuso zile, nikaona watu wa lile benchi, waliozeeka kama mimi, na nikasema, "Daktari alikuwa na sindano mbili. Mimi ndiye nilizijaza. Moja ilikuwa ya wanaolia. Ingine ilikuwa yetu. Na akituuliza imekufa, sisi tulisema imekufa."

Wakacheka. Hema nzima. Wakapiga makofi, mzee mmoja akajibu kwa sauti kutoka nyuma, "Imekufa, daktari!" na wakacheka tena, wakipangusa macho. Walidhani nimewasifu. Ndinda peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi mstari wa mbele, akiangalia mikono yake. Nikarudisha kipaza sauti, nikaenda kwa gari langu.

Leo niko na mashine mbili za kuponda kokoto na kiwanja zinapokaa. Niko na lori tatu, moja imesimama. Niko na shamba Mwala lenye bwawa la mchanga, la kuzuia maji ya mto wa msimu, nililolijenga mwenyewe, na ng'ombe, na mbuzi ambao sijui idadi yao maana wanazaa. Niko na nyumba ya mawe mjini na vyumba vya kupangisha nyuma ya soko, na kimoja ni pale Susu Kavata alipokuwa akikaa. Nilikinunua baada ya yeye kufa, na kizingiti sikukibadilisha. Sina cheti. Sina kofia nyeupe. Niko na meno yangu yote isipokuwa moja, na lile pengo la chini, upande wa kulia, ambalo nililichagua mwenyewe.